Saadani: Bandari ya Misafara Iliyogeuka Hifadhi ya Wanyama

1.0 Utangulizi

Msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi makala za fonolojia, mofolojia na uhakiki wa ushairi huenda akashangaa kumwona mwanaisimu wa Kamina akiandika juu ya hifadhi ya wanyama iliyoko ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Kamina iko katikati ya bara. Ni mji uliozaliwa na reli, kwenye makutano ya njia zinazokwenda Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, na mtu anayetaka kuifikia bahari kutoka hapa, iwe ya magharibi au ya mashariki, hana budi kusafiri siku nyingi. Wanafunzi wetu wengi huijua bahari kwa jina. Neno lenyewe wanalo, ingawa kitu chenyewe hawajakiona.

Ni neno hilo lililotupeleka Saadani. Kama lugha ya watu wa bara ina neno la bahari, na neno hilo ni lile lile linalotumiwa na mvuvi wa Mrima, basi kuna njia ambayo neno lilipitia. Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya Saadani, mji mdogo wa pwani ya Tanzania ulioko kati ya Bagamoyo na Pangani, ambao katika karne ya 19 ulikuwa miongoni mwa milango ya misafara ya bara na ambao leo umezungukwa na Hifadhi ya Taifa inayobeba jina lake. Pili, yanakusudia kuonyesha kwamba historia hiyo inatuhusu sisi wa Haut-Lomami kuliko tunavyodhani.

Hoja yetu kuu ni hii: kile ambacho mgeni hukiona Saadani kama pori ambalo halijaguswa na mkono wa mtu ni zao la historia. Vita, reli na mbung'o ndivyo vilivyoufanya mji upungue na pori liongezeke. Asiyeijua historia hiyo atawaona wanyama na mchanga, kisha atarudi kwao akiamini kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo.

Hapana budi kueleza pia kwamba Congo nayo ina hifadhi yake ya bahari, yaani Hifadhi ya Mikoko ya Muanda, iliyoanzishwa mwaka 1992 karibu na mdomo wa mto Congo, katika pwani yetu fupi isiyozidi kilomita 40 hivi. Huko kuna mikoko, kasa wanaopanda kutaga, na nguva wa Afrika ya Magharibi. Lakini Kiswahili chetu hakikutoka upande huo. Kwa hiyo tumechagua kuelekea mashariki.

2.0 Kauri katika makaburi ya Sanga

Kabla ya kufika pwani, inafaa tuanzie nyumbani. Kandokando ya ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, Jacques Nenquin alifukua makaburi ya kale mwaka 1957, na Jean Hiernaux akaendelea na kazi hiyo mwaka 1958. Baadaye, katika miaka ya 1970, Pierre de Maret alirudia uchunguzi huo na kuupanua hadi maeneo mengine ya bonde la Upemba. Kazi yao ilionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi katika bonde hilo kwa karne nyingi, wakivua, wakifinyanga vyungu vya ufundi mkubwa, wakifua chuma na shaba. Makaburi mengi ya kipindi kiitwacho Kisale ni ya miaka elfu moja hivi iliyopita. Katika makaburi ya nyakati zilizofuata zilikutwa kwa wingi shaba zilizosubuwa kwa umbo la msalaba, ambazo pole pole zilipungua ukubwa na kuwa za namna moja, jambo linaloonyesha kwamba zilitumika kama fedha.

Lakini kwa madhumuni yetu, kitu cha kuzingatiwa zaidi ni kidogo sana. Katika baadhi ya makaburi hayo zilikutwa kauri, ambazo pwani huitwa pia simbi. Kauri haziishi katika ziwa Kisale wala katika mto Lualaba. Huishi katika maji ya chumvi na miamba ya tumbawe. Kauri iliyowekwa pamoja na maiti kandokando ya Kisale ilikuwa imekwisha safiri kutoka Bahari ya Hindi.

Tusifikiri kwamba palikuwa na msafara mmoja uliotoka pwani ukafika Sanga katika siku hizo. Inaelekea zaidi kwamba kauri zilipita mkono kwa mkono, soko hadi soko, kijiji hadi kijiji, na kwamba aliyezikwa nazo hakupata kuiona bahari, wala hakumfahamu mtu aliyeiona. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri. Bahari ilikwisha fika katika nchi yetu, kwa umbo la kauri, kabla Mreno hajazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kabla ya msafiri yeyote wa Ulaya kuandika jina la Lualaba.

3.0 Saadani na njia za bara

Saadani inakabiliana na kisiwa cha Unguja, ng'ambo ya mkono wa bahari. Kusini yake mto Wami unamimina maji yake baharini. Eneo hilo lilikuwa na miji ya Waswahili kabla ya Saadani kupata sifa. Utondwe, unaotajwa katika habari za Wareno, ulikuwa upande huo huo wa pwani. Wazigua walikaa bara yake, na Waswahili wa mji walifungamana nao kwa ndoa, kwa biashara na kwa siasa.

Katika karne ya 19 bei ya pembe za ndovu ilipanda, na misafara ikawa mingi. Bandari za Mrima zilizoikabili Unguja zilikuwa na faida ya pekee, kwani mali zilivushwa kwa jahazi kwa muda mfupi tu. Bagamoyo ndiyo iliyokuwa kubwa. Saadani ilikuwa mshindani wake mdogo wa upande wa kaskazini. Kutoka bandari hizo njia zilipanda hadi Mpwapwa, Ugogo na Tabora, kisha Ujiji, kisha zikavuka ziwa Tanganyika hadi Maniema. Nyingine zilishuka kusini-magharibi kuelekea nchi ya shaba.

Hapa ndipo historia ya Saadani inapogusa yetu. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, aliondoka Bagamoyo mwaka 1873. Mwaka uliofuata alifika Kilemba, kwa Kasongo Kalombo, mulopwe wa Baluba, akalazimika kungoja huko kwa miezi kadhaa. Huko hakuwa mtu wa kwanza kutoka pwani. Alimkuta mfanyabiashara wa pwani, Juma Merikani, ambaye lakabu yake ndiyo jina la kitambaa cheupe kutoka Marekani kilichotumika kama fedha katika njia zote za misafara. Hivyo, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya ulimwengu wetu wa kila siku, palikuwa na ua wa mtu wa Mrima, na bila shaka Kiswahili kilisemwa humo, miaka zaidi ya 30 kabla ya reli ya kwanza kuingia Katanga. Cameron mwenyewe aliendelea hadi pwani ya Atlantiki, akafika mwaka 1875.

Upande wa kusini, Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa, karibu na Unyamwezi, alikuwa amekwisha kujenga ufalme wake wa Garenganze, makao yake yakiwa Bunkeya. Wafuasi wake, Bayeke, walikuwa watu wa njia. Waliuza shaba na pembe, nao waliuza watu. Jambo hili la mwisho haifai kulifunika. Mzigo mmoja wa pembe uliofika pwani ulikuwa umebebwa na bega la mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuulizwa kama ataka kuubeba. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Léopold II. Msafara huo nao ulitoka pwani ya Mrima, na wengi wa wapagazi na askari wake walikuwa watu wa Zanzibar na pwani. Njia iliyomwezesha Msiri kuinuka ndiyo iliyomletea mauti.

4.0 Bwana Heri na Wissmann

Mtu maarufu kuliko wote katika historia ya Saadani ni Bwana Heri bin Juma. Alikuwa mtawala wa mji, mwenye nguvu miongoni mwa Wazigua, na hakukubali kwamba Sultani wa Zanzibar ni bwana wake. Mwaka 1882 majeshi ya Sultani Barghash yalijaribu kumtiisha, yakashindwa.

Mwaka huo huo wa 1882, mwezi wa Novemba, Mjerumani mmoja aliyechoka kwa safari alishuka Saadani kutoka bara. Jina lake Hermann Wissmann. Alikuwa ameanza safari yake Luanda, katika pwani ya Atlantiki, akapita nchi ya Kasai pamoja na Paul Pogge hadi Nyangwe, ambako Pogge aligeuka nyuma naye akaendelea mashariki. Kwa hiyo alipoiona bahari pale Saadani, alikuwa ameivuka nchi ambayo leo ni Congo toka upande mmoja hadi mwingine. Miaka miwili baadaye alirudi Kasai kwa kazi ya Léopold, akaanzisha kituo cha Luluabourg, ambacho leo ni mji wa Kananga. Msafiri anayepanda treni hapa Kamina kwenda Ilebo hupita huko.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilipata kwa mkataba na Sultani Khalifa haki ya kutawala pwani na kutoza ushuru. Watu wa Mrima hawakuwa wameulizwa. Kuanzia Agosti mwaka huo upinzani ulilipuka Pangani, ukaenea pwani nzima. Abushiri bin Salim al-Harthi aliuongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri aliushika upande wa Saadani. Serikali ya Ujerumani ilimtuma mtu anayeijua Afrika kuuzima, naye alikuwa Wissmann yule yule. Mwezi wa Juni 1889 manowari za Kijerumani ziliupiga Saadani kwa mizinga, na askari wakateka mji. Bwana Heri alijiondoa, akajenga ngome bara, akaendelea kupigana kwa miezi mingi. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwezi wa Aprili 1890, watu wake wakiwa wamedhoofika kwa njaa.

Wanafunzi wa fasihi wanavifahamu vita hivi kwa njia nyingine, kwani ndivyo vilivyompa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy maudhui ya utenzi wake juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima mwaka 1307 Hijria. Kwa kawaida tunausoma utenzi huo ili kuhesabu mizani na kuchambua vina. Ni vizuri. Lakini mtu akisimama Saadani na kuitazama bahari iliyo wazi mbele yake, hutambua kwamba mji huu haukuwa na pa kujificha. Wissmann aliyepokewa hapo akiwa msafiri aliyechoka alirudi baada ya miaka saba akiwa na manowari. Ufuo uliomwokoa alikuwa tayari anaujua.

5.0 Reli na mbung'o

Vita peke yake haviui mji wa biashara. Watu hurudi na nyumba hujengwa upya. Kilichoiua Saadani kama bandari ni kwamba njia yenyewe ilihama.

Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukibebwa kwa miezi mitatu begani sasa ulisafirishwa kwa siku chache. Bagamoyo ilidhoofika, Saadani, iliyokuwa ndogo zaidi, ilidhoofika zaidi. Upande wetu mambo yalikwenda sambamba. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ilikamilika. Shaba ya Katanga haikuhitaji tena bega la Mnyamwezi. Kwa maneno mengine, reli iliyoizaa Kamina ni ndugu ya ile iliyoiua Saadani. Sisi tuliinuka kwa sababu ile ile iliyowaangusha wao.

Sababu ya tatu ni mdudu. Wasomaji wengi wamejiuliza kwa nini misafara ilitegemea wapagazi wakati ambapo mahali pengine duniani mizigo hubebwa na wanyama. Jibu lake liko katika mbung'o. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa kwa ng'ombe, akaona kwamba inawezekana. Mwaka uliofuata wamisionari wenzake walianza safari ya kwenda Ujiji kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe walikufa mmoja baada ya mwingine, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi katika vichwa na mabega ya watu.

Takriban miaka 75 baadaye, jaribio lile lile lilirudiwa kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1950 lilianzishwa Mkwaja, kaskazini ya Saadani, shamba kubwa la ng'ombe ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Maelfu ya ng'ombe walifugwa, vichaka vikafyekwa, dawa zikatumiwa. Mbung'o hawakwisha. Shamba hilo lilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaunganishwa na pori la akiba la Saadani, lililokuwa limetengwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na msitu wa Zaraninge. Mwaka 2005 eneo hilo, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa.

Basi, hifadhi hii ina baba zaidi ya mmoja. Mtu anaweza kusema kwamba ilianzishwa kwa sheria, na atakuwa amesema kweli. Lakini kabla ya sheria, mizinga iliwatawanya watu, reli ikawanyima riziki, na mbung'o akawafukuza ng'ombe. Sheria ilikuja kuipa jina nafasi iliyokwisha kuachwa wazi, ingawa, kama tutakavyoona, haikuwa wazi kabisa.

6.0 Yanayoonekana na yasiyoonekana

Mwandishi wa makala haya aliitembelea Saadani katika msimu wa kiangazi, baada ya safari ndefu ya treni hadi Lubumbashi na ya mabasi kupitia Zambia na Tunduma. Hatukusudii kusimulia safari yote. Tutaeleza machache yanayohusu hoja yetu.

Uzuri wa mahali hapa haukanushiki. Twiga husimama karibu na minazi. Kuro, tohe na kongoni hula katika nyasi ambazo upepo wa bahari huzilaza. Tembo hushuka kutoka vichaka vya bara, na nyayo zao zilionekana mchangani asubuhi, karibu na mstari wa maji kujaa. Katika mto Wami viboko walikuwa wametoa masikio na pua tu, na mamba walilala matopeni chini ya mikoko. Kwenye mashamba ya chumvi heroe walisimama kwa mguu mmoja. Kwa mtu wa Lualaba, viboko na mamba si wageni. Ajabu ni kuwaona saa moja tu kabla ya kuonja maji ya chumvi.

Upande wa kaskazini, katika ufuo wa Madete, kasa hupanda usiku kutaga. Jike huchimba shimo, hutaga mayai yanayoweza kupita mia, huyafunika kwa mchanga na kurudi majini. Mayai hukaa muda wa miezi miwili hivi. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama watakaozaliwa watakuwa majike au madume. Vifaranga wanapotoka, hufuata mwanga uliopo juu ya bahari, na taa iliyowashwa ufukoni huweza kuwapoteza. Wataalamu wametuonyesha kwamba jike aliyekomaa hurudi kutaga katika pwani ile ile alikozaliwa, hata baada ya miongo ya miaka.

Haya yote mgeni huonyeshwa. Asiyoonyeshwa kwa bidii ile ile ni magofu ya kijijini, likiwamo boma la zamani lililotumiwa wakati wa Wajerumani, na makaburi. Tulimwomba mzee mmoja wa kijiji atutembeze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Tulipomjibu kwamba twatoka Congo, upande wa Katanga, alinyamaza kidogo, akasema kwamba wazee wake walikuwa wakizitaja nchi hizo, na kwamba wengi waliokwenda huko hawakurudi. Kisha tulipouliza juu ya "kobe wa bahari" alicheka.

"Huyo si kobe, mwanangu. Kobe ni wa nchi kavu. Huyo ni kasa. Na mwenye gamba la thamani ni ng'amba."

Alituuliza mahali tulipojifunzia Kiswahili. Tukamwambia kwamba hatukujifunza, tulizaliwa nacho. Akasema kwamba kinasikika vizuri, ila kina vumbi la njiani.

Mzee huyo alitueleza pia jambo ambalo halimo katika vitabu vya watalii. Katika kitongoji cha Uvinje, ambacho ni sehemu ya kijiji cha Saadani, wananchi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba ardhi yao ya ufukoni ilitiwa ndani ya mipaka ya hifadhi bila ridhaa yao. Shauri hilo limejadiliwa hadharani nchini Tanzania, na si kazi yetu sisi wageni kulihukumu. Tunalitaja kwa sababu linagusa kiini cha hoja yetu. Ufuo ukielezwa kuwa pori tupu, anayedai kwamba babu yake alivua kamba pale huonekana kama mvamizi. Ufuo huo huo ukielezwa kuwa bandari ya kale, mtu huyo huyo huwa mrithi. Namna ya kusimulia historia huamua nani atasikilizwa.

7.0 Kuhusu lugha

Kwa kuwa jarida hili ni la Kiswahili, yafaa tuseme neno juu ya "vumbi la njiani". Tuwe waangalifu. Haitoshi kusema kwamba Kiswahili cha Katanga kililetwa na misafara, basi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili Katanga kulitokana kwa kiasi kikubwa na siasa ya kazi ya karne ya 20, yaani makambi ya migodi na reli, shule za misioni na vitabu vya sarufi vilivyotungwa kwa ajili ya mabwana waliotaka kuamrisha. Hoja hiyo ina nguvu, na ushahidi wake hatuwezi kuupuuza.

Hata hivyo, migodi haikuitunga lugha kutoka hewani. Iliichukua lugha ambayo tayari ilikuwa na wasemaji katika nyua za watu kama Juma Merikani, katika Maniema, na katika njia za Bayeke. Maneno kama pagazi, msafara, hongo na merikani ni masalio ya awamu ya kwanza. Sifa za kisarufi za lugha yetu ya kila siku, kama vile kiambishi ba- badala ya wa- katika "batoto", au "njo" iliyotokana na "ndiyo", ni alama za awamu ya pili, ambamo wasemaji wa Kiluba, Kisanga, Kibemba na lugha nyingine waliipokea lugha na kuitia sauti zao. Kwa hiyo vumbi hilo linaweza kuchunguzwa tabaka kwa tabaka, kama vile de Maret alivyochunguza udongo wa Sanga. Si uchafu wa kufutwa ili Kiswahili kipate kuwa safi.

Kuhusu kasa, hatuna neno kwa sababu hatuna mnyama mwenyewe. Lugha iliposafiri kwenda bara iliacha njiani majina ya vitu vya pwani ambavyo havikuwa na kazi huku. Kauri zilisafiri kwa sababu zilikuwa na thamani. Kasa alibaki kwao. Neno bahari lilifika, ingawa bahari yenyewe haikuweza kulifuata.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Saadani, ambayo leo hutangazwa kama mahali pa simba na mchanga mweupe, ni ukurasa wa historia ya njia iliyofika kwetu. Pori lake limeumbwa na mambo yale yale yaliyotuumba sisi.

Kuna funzo hapa kwa nchi yetu. Hifadhi ya Upemba, iliyotangazwa mwaka 1939 na serikali ya kikoloni, iko karibu nasi. Nayo huelezwa mara nyingi kwa hesabu ya wanyama waliomo, wale waliosalia na wale waliowindwa wakaisha. Mara chache huelezwa kwa habari za watu waliovua katika maziwa yale, waliozika wafu wao Sanga pamoja na kauri, na ambao wajukuu wao leo wanavutana na walinzi kuhusu nyavu na mipaka. Hatupingi hifadhi. Aliyeona jinsi wanyama walivyopungua Upemba hawezi kuzipinga. Tunachosema ni kwamba hifadhi inayosahau watu hujijengea maadui, na kwamba watu wanaotambuliwa kuwa sehemu ya historia ya mahali huwa na sababu ya kupalinda.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba wanafunzi wa Idara zetu za Kiswahili na Historia wapelekwe Kikondja, Bukama na Malemba-Nkulu kukusanya masimulizi ya wazee juu ya uvuvi, biashara na njia za zamani, kabla wazee hao hawajaondoka. Daftari na kalamu zinatosha kwa kuanzia. La pili ni kwamba vyuo vya pwani na vyuo vya bara viandikiane juu ya historia ya misafara, kwani kila upande unashika nusu ya habari. Mzee wa Saadani alijua kwamba wengi wa watu wao hawakurudi, lakini hakujua waliishia wapi. Sisi tunajua walikoishia, kwa maana baadhi yetu ni wajukuu wao, lakini hatukujua walikoanzia.

Tulipoagana, mzee huyo alitupa kauri moja aliyoiokota ufukoni. Sasa iko juu ya meza ya kazi hapa Kamina, na kila mwaka wanafunzi wapya huuliza ni kitu gani. Huwa tunaanza kipindi kwa swali hilo.